Sahani ya Jirani Haina Budi Kurudi

Habari za ujirani hufika magazetini pale tu unapoharibika: watu wamegombana kwa mpaka wa kiwanja, au wameshtakiana kwa maji machafu yanayomwagwa uchochoroni. Ujirani ulio salama hauandikwi. Lakini nyumba zetu sisi watu wa pwani hazikusimama kwa mawe na chokaa peke yake. Zimesimama pia kwa mambo madogo madogo yanayopita baina ya mlango na mlango: chumvi ya kijiko, mbuzi ya kukunia nazi, ngazi, sinia, na zaidi ya yote sahani iliyofunikwa kawa. Leo nimekusudia kuizungumza sahani hiyo. Na wanaume wanaodhani kuwa haya ni mambo ya jikoni nawaomba wasigeuze ukurasa, maana yanawahusu wao pia.

Desturi yenyewe kila mtoto wa Mombasa aliijua. Mama akipika kitu chenye harufu, hupakua sahani ya jirani kabla ya watu wa nyumba kula, akaifunika, akamwambia mtoto: "Mpelekee Bi fulani, mwambie mama akusalimu." Mtoto hupiga hodi, akangoja karibu, akatoa shikamoo yake, akaiacha sahani kule na kurudi mikono mitupu. Kesho au kesho kutwa sahani hiyo yaja kwa miguu ya mtoto wa pili, nayo haiji tupu. Biriani iliyotoka Ijumaa hurudi vitumbua Jumapili. Asiyekuwa na cha kupika hutia ndimu mbili au sukari ya kikombe kimoja. Basi kwa sahani moja zapigwa hodi mbili, na nyumba mbili zajuliana hali bila ya mtu kuambiwa kuwa anachunguzwa.

Mimi si katika wale wanaoipamba zamani kwa marashi hata isitambulikane. Ujirani una hasara zake, na aliyeishi mtaani anazijua. Sahani nzuri yenye maua, mojawapo ya zile sita za arusi, hutoka nyumbani na pilau. Wiki ya pili yaja sahani ya plastiki iliyokwaruzwa na visu, ambayo haijapata kuwa yako tangu uzaliwe. Ukiuliza kwa adabu, waambiwa, "Kwani si hii?" Utasema nini? Unaipokea, na zile za arusi zabaki tano. Mbuzi huazimwa ina meno, ikarudi kibogoyo. Ngazi hutolewa kwa ajili ya kupaka chokaa ya Idd, ikaonekana tena karibu na Maulidi, nayo imepakwa chokaa kuliko nyumba. Ama mwavuli, huo mwenye kuuazima mvua ya masika na aseme Inna lillahi mapema.

Kuna na kuvunjika moyo kwa namna nyingine. Tangu alasiri nyumba ya pili yakaangwa vitunguu. Harufu ya bizari yapita dirishani hata watoto wameacha kucheza. Kila mtu nyumbani ameshapiga hesabu yake kimoyomoyo, na mama mwenyewe amepika wali mweupe tu na mchuzi mwepesi, kwa kuwa ana yakini kuna kitu chaja. Magharibi yaadhiniwa, watu wanaswali, hodi yapigwa. Watoto wanne wakimbilia mlango. Pale mlangoni amesimama mtoto wa jirani na bakuli tupu: "Mamangu auliza kama muna ndimu."

Na mwezi wa Ramadhani kuna siku zisizoelezeka. Siku tatu mfululizo hapaji kitu. Siku ya nne nyumba zote zapika kaimati, kana kwamba walikaa mkutano, na juu ya jamvi la futari zajipanga sahani tano za kaimati na kaimati zenu wenyewe katikati.

Lakini mlango huohuo unaoleta haya ndio uletao yale mengine. Umekwenda kazini, nguo zako ziko kambani, mvua yapiga ghafla. Warudi umelowa huku ukizilaani mbingu moyoni, ukazikuta nguo zimekunjwa juu ya kiti chako cha barazani, na aliyezikunja ni yule ambaye hamkuamkiana vizuri tangu juma lililopita. Au ni usiku wa manane. Maji ya Mombasa, kama ajuavyo kila mkaazi wake, hutoka mbali, Mzima, Baricho na Marere, na mitaa mingi huyapata kwa zamu. Umelala na mitungi yako mikavu. Mara dirisha lagongwa kwa ncha za vidole: "Maji yametoka, amkeni!" Mtu huyo angeweza kujaza mitungi yake na kulala. Kwa nini aje kukuamsha? Hapana sababu ila ujirani.

Basi ninalolisema ni hili. Siku hizi watu wetu wengi wamechoshwa na hasara ndogo za ujirani, wakaona dawa ni kufunga mlango. Hawasemi hivyo kwa ulimi, lakini ndivyo wanavyotenda. Nyumba za Kiswahili zenye baraza za kukaliwa zimevunjwa katika mitaa mingi, mahali pake pamejengwa majumba ya ghorofa, na katika ghorofa hizo milango yatazamana kama watu waliokosana. Chombo kikihitajiwa hununuliwa, kila mtu awe na ngazi yake na mbuzi yake, au anunue tui la pakiti asihitaji mbuzi kabisa. Chakula kikitamaniwa huagizwa kwa simu, kikaletwa na pikipiki. Hapana anayemsumbua mwenziwe. Wenyewe wauita huu ustaarabu.

Hata wale ambao bado wanapelekeana wamebuni njia ya kukata safari katikati. Chakula chatiwa katika kopo la plastiki, na mpelekaji husema kwa upole mkubwa, "Msijisumbue kulirudisha." Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku hapa Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, lakini makopo yalibaki, na kila nyumba yanayo kabati zima. Ndiyo haya yanayotufanyia mzaha kwenye friji: umeona kopo la aiskrimu, roho imetulia, wafungua, ndani mna pilipili ya kusaga. Lakini mzaha huo ni mdogo. Dhara kubwa ya kopo ni kule kutorudi kwake. Sahani yenye mwenyewe haina budi kurudi, na katika kurudi ndipo hodi ya pili ilipokuwa. Kopo hupiga hodi moja, mambo yakaishia hapo.

Hili si jambo la mila peke yake. Sote tunaisoma Surat Al-Maun, sura ya 107, na watoto wetu huihifadhi mapema chuoni kwa sababu ni fupi, aya saba tu. Sura hiyo humtaja anayemsukuma yatima na asiyehimiza kulishwa maskini, ikawaonya wanaoswali hali ya kuwa wameghafilika na Swala zao na wenye kujionyesha, kisha ikamalizia kwa wale wanaonyima maun. Na maun ni nini? Miongoni mwa maelezo ya wafasiri ni kuwa ni vyombo vya kuazimana watu majumbani: chungu, ndoo, shoka na mfano wa hivyo. Hebu tafakari, msomaji. Kunyima chungu kumewekwa katika sura moja na kumsukuma yatima. Nasi twaisoma sura hiyo ndani ya Swala, kisha twatoa salamu na kwenda kumwambia jirani kuwa ngazi haipo.

Hali kadhalika, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimuusia Abu Dharr kuwa apikapo mchuzi auzidishe maji na kuwaangalia majirani zake. Hakumwambia azidishe nyama. Na Bibi Aisha alipouliza ni yupi wa kuanziwa kati ya majirani wawili, jibu lilikuwa ni yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Sijui kama kuna watu wanaohitaji jibu hilo kuliko sisi wa ghorofani, ambao mlango wa jirani uko hatua tatu na jina lake hatulijui.

Wako watakaosema kuwa huo ni uzuri wa maneno, na kwamba ulimwengu wa leo hauhitaji sahani. Nawakumbusha mwaka 2020. Machi mwaka ule misikiti ilifungwa kwa ajili ya korona, na tangu tarehe 27 ya mwezi huo kukawa na amri ya kutotoka nje tangu saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Kisha tarehe 6 Mei, Ramadhani ikikaribia katikati, Serikali ikaufunga Mji wa Kale hapa Mombasa, pamoja na Eastleigh kule Nairobi, watu wasitoke wala wasiingie. Siku kumi na tano za kwanza zikaongezwa hadi tarehe 6 Juni, na Idd tukaila humohumo ndani. Baina ya adhana ya Magharibi na saa moja hapakuwa na saa nzima. Wachuuzi walioishi kwa kipato cha siku walikaa bure, na kahawa ya barazani ikakatika.

Nilikuwamo ndani ya vizuizi siku hizo, na niliyoyaona nayasema. Nyumba zilizokuwa na mazoea ya kupelekeana hazikuhitaji kutangaziwa nani hana. Kila mtu alimjua jirani yake aliyesimamishwa kazi, na yule ambaye mwanawe hakuweza kuleta matumizi kwa kuwa alikuwa ng'ambo ya kizuizi. Sahani zilipita upesi upesi kabla ya saa moja, vichochoroni, watu wamejifunika pua na mdomo, chombo chawekwa kizingitini na hodi yapigwa kwa mbali. Nyumba zisizozoea hivyo nazo zilikuwako. Huko njaa ilikaa kimya. Mtu ambaye hajapata kukutumia hata kaimati atawezaje kukutumia mtoto kukwambia hana unga? Haya humzuia. Njia ya shida hupitia pale ilipokwisha kupita njia ya furaha, na ikiwa hii haikukatwa, ile haina pa kupita.

Sasa niyajibu yale yanayosemwa dhidi yangu, kwani si maneno ya upuuzi.

La kwanza ni umaskini. Mafuta ni ghali, mchele ni ghali, nazi moja imekuwa ya kufikiriwa. Mtu asema, "Nitampelekea nini jirani, na wangu hawajashiba?" Jibu limekwisha kutolewa katika ule mchuzi uliozidishwa maji. Wahenga nao walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini hapa nataka kusema neno ambalo pengine wazee wangu hawatalipenda. Ile kanuni ya kuwa sahani isirudi tupu ilikuwa nzuri, lakini kwa wengine imekuwa mzigo. Namjua mama mmoja aliyekuwa akizikataa sahani za watu kwa visingizio vya tumbo, kumbe hana cha kurudishia. Mwengine aliificha sahani ya mwenyewe miezi mitatu akingoja siku atakayoweza kuitia kitu, na kila siku ilivyopita aibu ilizidi, hata akawa amwonapo mwenye sahani hupita njia ya pili. Mwenye sahani naye akadhani ameibiwa. Majirani wawili wakafarikiana, na mwizi hakuna.

Rai yangu ni kwamba sahani irudi, hata ikiwa tupu. Irudi imeoshwa, na ndani yake muna "ahsante, Mungu awazidishie." Na mwenye kuipokea aipokee kwa uso uleule ambao angeipokea ina biriani, wala asimtazame mtoto mikononi. Tukiyafanya haya kuwa ada, wengi waliojifungia kwa haya watafungua. Kilichokuwa kikitafutwa tangu zamani ni hodi ya pili, na vitumbua vilikuwa ni pambo lake.

La pili ni fitina. Yasemwa kwamba mtoto aliyepelekwa na sahani ni jasusi, akirudi huulizwa: wamepika nini, nani yuko, mume amerudi au bado? Ni kweli, hutokea. Lakini kosa hilo ni la anayeuliza, si la sahani. Mtoto hufunzwa kuwa ya nyumba ya watu hubaki nyumba ya watu. Zamani akianza kuyaeleza asiyoulizwa alikatizwa palepale, na aliyemkatiza ni mamake.

La tatu husemwa na wale wa majumba mapya: "Majirani wetu si watu wetu. Huyu wa bara, huyu Mkristo, huyu hata Kiswahili chake cha shida." Nawauliza, ni nani aliyewaambia kuwa haki ya jirani huangalia dini? Abdullah bin Amr, sahaba wa Mtume, alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake aliuliza kama jirani yao Myahudi amekwisha kupelekewa. Mimi mwenyewe nimeona sahani ya tambi ikipelekwa sikukuu ya Idd kwa mpangaji kutoka bara ambaye hakuijua desturi hii hata kidogo. Aliipokea kwa wasiwasi, akauliza ni ya kulipia? Mwezi ule wote sahani haikurudi, na watu wakaanza kusema, unaona? Kumbe alikuwa amekwenda kwao. Aliporudi aliileta mwenyewe, si kwa mtoto, na juu yake muna maparachichi manne makubwa ya shambani kwao. Krismasi ilipofika zikaja chapati. Leo nyumba zile mbili zaachiana funguo.

Ama wale wanaodhani kuwa haya yote ni hadithi za tumbo, nitawaeleza mambo mawili yaliyotokea katika majumba mawili yanayopakana, mwaka mmoja.

Katika la kwanza alikaa bi mkubwa mmoja peke yake, wanawe wako Uarabuni kwa kazi. Mama wa mlango wa pili alimpelekea sahani kila Ijumaa, na bibi aliirudisha kila Jumamosi kabla ya adhuhuri, ina kashata au mabuyu ya watoto. Jumamosi moja adhuhuri ilipita, sahani haikuja. Pale nyumbani wakafanya mzaha kuwa bibi leo ameipenda sahani. Yule mama hakucheka. Alisema, "Sahani yangu si ya thamani, lakini haijapata kuchelewa." Akavaa buibui lake akaenda kupiga hodi. Kimya. Akaita vijana, mlango ukasukumwa, bibi akakutwa chini chooni, nyonga imevunjika, yuko pale tangu alfajiri na sauti imemkauka. Alipelekwa hospitali, na Alhamdulillahi yu hai, anatembea kwa mkongojo. Watu humsifu aliyepiga hodi. Mimi naona na ile sahani ilifanya kazi yake.

Katika jumba la pili alipanga kijana mmoja, mpole, asiyekuwa na neno na mtu. Ndivyo majirani walivyomsifu: hana shida na mtu. Hakuazima kitu, hakuazimwa. Hakupelekewa, hakupeleka. Siku ya tatu ya kutoonekana kwake ndipo harufu ilipowafanya watu wavunje mlango. Alikuwa mwenzetu, palikuwa na msahafu kitandani. Ilipotakiwa tanzia itangazwe msikitini, watu walitazamana. Fulani bin nani? Jumba zima, watu waliopanda naye ngazi moja mwaka na zaidi, hapakuwa na ajuaye jina la babake. Ikabidi angojwe wakala wa nyumba alete karatasi za upangaji. Jina likasomwa katika karatasi ya kodi.

Siwezi kusema kuwa sahani ingemponya, kwani ajali ina siku yake. Lakini ingelijua siku ya kwanza kuwa haikufunguliwa mlango.

Kwa hivyo ndugu zangu, tuzivumilie hasara ndogo. Sahani ya maua ikirudi ya plastiki, hesabu kuwa umenunua kitu kwa bei nafuu. Ngazi ikichelewa, ifuate mwenyewe, na huko ukae kidogo uulize hali. Wanaume, msingoje mtoto wala mke. Wengi wetu tumekula sahani za majirani miaka mingi na hatujapata kubeba hata moja, nayo haina uzito. Vijana wanaojenga majumba ya kupangisha nawaomba waache japo benchi moja chini ya ngazi, watu wapate mahali pa kusalimiana wakirudi Swala ya Isha.

Na aliye na sahani ya mtu kabatini, akiwa anasoma maneno haya, na aiteremshe aioshe. Kama ana cha kutia atie. Kama hana, aende nayo hivyohivyo leo kabla ya Magharibi, apige hodi.